Sweta la Februari

Mwongozo kwa mzazi ambaye mtoto wake anaonewa shuleni kwa ajili ya umbo lake

Ukimwona binti wa darasa la sita anaondoka nyumbani amevaa sweta mwezi wa Februari, Dar es Salaam, jua ambalo hata kuku wamelikimbia, usiharakishe kumpima malaria. Mama mmoja mtaani kwetu aliharakisha. Alimpeleka zahanati mara mbili, mara zote vipimo vikatoka safi, akarudi na Panadol, na sweta likaendelea kuvaliwa. Siku alipojaza ndoo ya kufua ndipo alipogundua kuwa shati la shule limebanwa pini tatu kifuani, kwa ndani, ili libane.

Binti alikuwa na miaka 12. Kwa urefu aliwapita wote darasani, na kifua kilikuwa kimeshaanza kujaza shati. Wavulana wa dawati la nyuma walikuwa na mchezo wao: kila akiingia darasani, wanasimama, wanainamisha vichwa kidogo na kumwamkia, "Shikamoo shangazi." Darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu akiwa mlangoni anasikia shikamoo tu, na sijui ni mwalimu gani atamwadhibu mtoto kwa kutoa shikamoo.

Mwili wa mtoto huwadanganya watu kuhusu umri wake. Mwenye umbo kubwa huhesabiwa mtu mzima, mwenye umbo dogo huhesabiwa kichanga, na kosa hilo la hesabu halimwangukii mvulana kama linavyomwangukia msichana. Ndiyo maana ushauri wa jumla, ule wa "mwambie mwalimu" au "wapuuze tu", mara nyingi haufiki mbali. Lazima kwanza ujue mwanao anaonewa kama nani.

Huyu binti hayuko peke yake. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019, iliyokusanya takwimu za nchi nyingi, ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi uliotangulia. Watoto wenyewe walipoulizwa sababu, muonekano wa mwili ndio uliotajwa kuliko sababu nyingine yoyote. Wavulana walipigwa zaidi, wasichana walisemwa na kutengwa zaidi.

"Ni utani tu"

Neno hili utalisikia kwa mtoto aliyemwita mwenzake bonge nyanya, utalisikia kwa mzazi wake, na mara nyingine utalisikia kwa mwalimu. Usilikubali haraka. Sisi ni watu wa utani, tunaujua. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wanatupiana maneno hata msibani bila mtu kukunja uso. Lakini utani huo una masharti yake. Ukinisema leo kwangu, kesho nitakusema kwako, na watu watacheka vilevile. Na mtani ana wajibu: nikifiwa, yeye yule anayenikejeli ndiye anayeshika jembe.

Basi pima kwa kipimo hicho. Je, mwanao ana la kumrudishia huyo anayemwita mlingoti, na akirudisha, darasa linacheka au linanyamaza? Je, huyo mcheshi amewahi kumsaidia hata kumwazima kalamu? Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi zake Norway na kulichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, alitaja alama tatu: kudhamiria kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Hiyo ya tatu ndiyo inayofichika. Nguvu si misuli peke yake. Wavulana watano wembamba waliopanga sauti moja wana nguvu kumshinda bonge mmoja.

Mstari wa paredi

Simama getini asubuhi uangalie paredi. Wafupi mbele, warefu nyuma. Darasa la pili mstari umechanganyika. Darasa la sita, mkia wote ni wasichana. Sababu ni kwamba wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na ile kasi ya kurefuka humfikia msichana miaka kama miwili kabla ya mvulana. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa darasa la tano hadi la saba, ambapo wanaokaa dawati moja wanaonekana kama mama na mwanawe. Mambo mengi mabaya huanzia hapo.

Binti mkubwa wa umbo ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, ndiyo maana nitakaa kwake. Wenzake wanamwita shangazi au jimama, wavulana wanamvuta sidiria kwa nyuma na kuiachia ilie. Lakini wanaomwonea si watoto peke yao. Huyu ndiye anayetumwa kuchota maji ya ofisini na kuosha vikombe vya walimu wakati wenzake wako darasani, kwa kuwa "ameshakua". Huyu ndiye anayeambiwa sketi yake inaleta vishawishi, ilhali fundi aliishona Januari na mwili umeipita kufikia Juni. Njiani dereva wa bodaboda anampa lifti ambayo rafiki yake mfupi hapewi. Akilalamika, anaulizwa yeye alifanya nini. Mzazi, kariri jambo moja: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Haisemi kitu kuhusu urefu wala kifua. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Mtu akikwambia "lakini huyu ni mkubwa", mjibu kwa tarehe ya kuzaliwa.

Mvulana mkubwa anaumizwa kwa njia nyingine kabisa. Asubuhi nzima anachomwa vidole tumboni. Vitoto vitatu vinamzunguka vikimtingishia mashavu. Anavumilia. Saa nne, kwenye foleni ya uji, anarusha kofi moja, na kofi hilo ndilo pekee ambalo mwalimu wa zamu ameliona siku hiyo. "Jitu zima linapiga watoto!" Anapigishwa magoti barazani. Akifika nyumbani na kueleza, baba anashangaa: "Yaani wewe, na mwili wote huo?" Huyu mtoto amehukumiwa mara mbili kwa kosa la kilo. Shule nyingi zina mvulana wa namna hii aliyeandikwa kwenye kitabu cha adhabu kama mbabe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kabla ya kofi kulikuwa na nini.

Kuna na jambo ambalo wavulana hawalisemi hata kwa kaka zao. Karibu nusu ya wavulana, wakibalehe, hujaa kidogo kifuani, hata walio wembamba. Ni homoni, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Lakini mwenye kifua hicho ataitwa dada, atafinywa, na siku ya chandimu hatakubali kuwa timu ya vifua wazi. Ataacha mpira aliokuwa anaupenda na wewe utadhani amekuwa mvivu. Mwambie ukweli huo wa homoni, faragha, bila kucheka, kabla hajaambiwa uongo na wenzake. Mvulana mpole, mwenye sauti nyembamba au anayependa kukaa na wasichana, anachapwa kwa fimbo hiyohiyo ya "si mwanamume" hata kama umbo lake halina tatizo.

Mvulana mfupi, andunje wa darasa, anabebeshwa mabegi na kunyang'anywa nauli. Akienda bweni kidato cha kwanza, mateso yake ya ugeni yatakuwa marefu kuliko ya wenzake. Msichana mnene anakataliwa kwenye mchezo wa rede. Hapigwi, anaachwa tu, na kuachwa hakuachi alama ya kumwonyesha daktari. Nao wembamba wana historia yao. Waliokua miaka ya 80 na 90 wanakumbuka kukonda kulivyokuwa hukumu. Mtu akipungua, mtaa ulikuwa umeshamzika kwa UKIMWI, na mtoto mwembamba anayelelewa na bibi aliitwa mwenye miwaya hata kama alikuwa na minyoo tu. Dawa zimekuja, minong'ono imepungua, ila maneno yake bado yanaokotwa na watoto ambao hawajui yalikotoka.

Namna ya kumuuliza

Ukimuuliza "kuna mtu anakuonea?", atasema hakuna. Mvulana anakataa kwa sababu alishaambiwa asirudi nyumbani analia. Msichana anakataa kwa sababu anajua swali linalofuata ni "wewe ulimfanyia nini?"

Uliza mahali badala ya watu. Kwenye dawati mnakaa wangapi, na nani anakaa katikati? Saa ya mapumziko unakaa upande gani? Unarudi na nani hadi kituoni? Konda alisemaje leo? (Kwa mtoto mnene konda ni mateso ya peke yake: "Wewe ulipe nauli ya wawili," mbele ya gari zima.) Na uliza choo. Mtoto anayeingia mbio chooni kila akifika nyumbani, ambaye hanywi maji tangu asubuhi, anakikimbia choo cha shule, na vyoo ndiko mwalimu haendi. Mengine ya kuangalia ni nauli inayopotea mara kwa mara, kuchelewa kurudi bila sababu ya maana, kuomba sare iliyo kubwa zaidi wakati iliyopo inamtosha, na kuacha mchezo aliokuwa bingwa.

Muulize mikono ikiwa na kazi. Mchele wa kuchambua unafaa, viazi vya kumenya vinafaa. Macho yakiwa kwenye sinia, mdomo hulegea. Wavulana wengine husema mkitembea, si mkikaa. Akianza kusema, usiruke kwa hasira wala usitoe hukumu katikati ya sentensi. Mwache amalize, kisha mwambie jambo fupi kama hili: "Nimesikia mwanangu. Kosa si lako wala si la mwili wako. Kesho sitafanya kitu bila kukwambia kwanza." Hiyo ahadi ya mwisho itunze. Mtoto akikuona umetokea darasani unafoka bila yeye kujua, hutasikia tena lolote hadi amalize shule.

Kabla ya kwenda shuleni, anza na sebule yako

Hili litamuudhi mtu, lakini majina mengi ya shuleni yana cheti cha kuzaliwa cha nyumbani. Ni mjomba aliyeanza kumwita Kibonge angali anatambaa. Ni shangazi anayemshika binti kiuno kwenye harusi na kutangaza, "Huyu sasa tumtafutie mchumba." Ni wewe unayemwambia mwanao wa kiume ale kama mwanaume, kisha unamwambia dada yake apunguze. Bibi akisema mjukuu amenawiri anatoa sifa. Mtoto wa mjini anayesikia hivyo siku hizi anasikia tusi. Mwambie bibi kwa adabu zote, naye ataelewa.

Usifanye chakula kuwa dawa ya uonevu. Mtoto anayesimangwa shuleni kwa unene, akija kusimangwa tena kwenye sahani, hula kwa kujificha. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto kwa miaka ulionyesha kuwa waliotaniwa kwa sababu ya uzito waliongezeka zaidi, hawakupungua. Kama una hofu ya afya yake, nenda zahanati, uulize kwa mtaalamu, na badilisha sufuria la nyumba nzima. Kumpikia peke yake ni kumpa jina jingine.

Na akina baba, ile kauli ya "ukipigwa, rudisha." Naielewa inakotoka. Lakini ipeleke kwa watoto niliowataja hapo juu uone. Andunje akirudisha atavunjwa mkono. Bonge akirudisha atafukuzwa shule. Binti akirudisha ataambiwa hana adabu ya kike. Kauli hiyo inamfaa yule mtoto mmoja ambaye hakuwa anaonewa tangu mwanzo. Bora umfundishe sentensi fupi ya kusema kwa sauti ya kawaida, akiangalia usoni: "Jina langu unalijua." Kisha aondoke kuelekea kwenye watu. Ifanyieni mazoezi jikoni, wewe ukiwa mchokozi, mpaka sauti iache kutetemeka. Haimalizi kila kitu. Inampa cha kufanya na mdomo wake badala ya kulia.

Ukifika shuleni

Tafuta daftari dogo. Andika siku, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Wiki mbili za daftari hilo zina uzito kuliko saa nzima ya kulalamika. Anza na mwalimu wa darasa, asubuhi kabla ya vipindi au jioni, si dirishani katikati ya somo. Salimia vizuri, kaa, na useme mambo kama yalivyo: "Mwalimu, tangu tarehe hii hadi hii wamemwamkia binti yangu shikamoo shangazi kila siku. Amefikia kubana shati lake kwa pini. Naomba tusaidiane." Usianze na neno uonevu, litamfanya mwalimu ajitetee. Lete pini.

Halafu omba vitu vinavyoonekana. Mchokozi ndiye ahamishwe dawati. Usikubali mwanao ahamishwe, maana kumhamisha ni kumwonyesha kuwa yeye ndiye tatizo. Mwalimu wa zamu akae njia ya chooni saa nne. Kazi za kubeba na kuchota zigawanywe kwa zamu, si kwa ukubwa wa mwili. Kama mwanao ndiye bonge aliyepiga kofi, usikane kofi. Likubali, kisha omba na yaliyotangulia yaandikwe kwenye kitabu hichohicho.

Vitu viwili vikatae kwa upole. Cha kwanza ni paredi: mwalimu mwenye nia njema atataka kusimamisha shule nzima na kutangaza kuwa fulani asiitwe mnene tena, na kuanzia dakika hiyo hata darasa la kwanza watalijua jina. Cha pili ni fimbo kwa mchokozi. Utaridhika siku moja, na mwanao atailipia njiani wiki nzima.

Isipotulia, nenda kwa mwalimu wa malezi, kisha mwalimu mkuu, na uulizie Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto kama shule imelianzisha. Na ikiwa aliyempa mwanao jina ni mwalimu mwenyewe, jambo linalotokea kuliko tunavyopenda kukiri, ruka ngazi ya kwanza. Mwone mwalimu mkuu faragha, bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Asipokusikia, ofisi ya Afisa Elimu Kata iko wazi.

Kuna mambo ambayo hayasubiri ngazi hizi: kuguswa sehemu za siri, kutishiwa kwa kisu au kitu chochote, kujeruhiwa, mtoto kusema anatamani kufa. Hapo nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, Simu kwa Mtoto, bure. Ikiwa amebakwa au amelawitiwa (na wavulana hulawitiwa, hasa wadogo wa umbo kwenye mabweni), usimwogeshe na usifue nguo zake. Mfikishe kituo cha afya mapema iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Ikiwa mwanao ndiye anayetoa shikamoo

Usimchape ukadhani umemaliza. Muulize jina halisi la huyo mtoto, la kwanza na la baba yake. Mara nyingi hatalijua, na kimya hicho kitamfundisha kuliko hotuba yako. Mtume akalitafute. Kisha jiulize mwenyewe hayo maneno kayatoa kwa nani, kwa sauti ya nani.

Mwanao awe mchokozi au mwonewa, fuatilia wiki ya kwanza, ya tatu, kisha baada ya likizo. Likizo huleta matatizo upya kwa sababu miili hubadilika bila darasa kuwa na habari. Aliyeondoka Juni hana kifua anarudi Julai nacho, na mchezo unaanza mwanzo. Januari ndiyo mbaya zaidi, maana kuna kipimo cha sare. Mtoto anasimama katikati ya kibanda cha fundi, futi kiunoni, wateja wengine kwenye benchi, na fundi anaita namba kwa sauti kisha anaguna: "Duh, huyu kitambaa mita mbili hakitoshi." Mpitie fundi siku moja kabla, peke yako. Mwambie apime pembeni, aandike namba, aache inchi mbili za akiba kwenye mishono ya kifua na kiuno, na asitoe maoni. Mlipe kidogo zaidi ikibidi.